Anzeni na kitambaa: historia ya Marekani kwa miguu kutoka Lowell

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka kumi na mmoja na mwingine saba. Tulihamia Lowell, Massachusetts, kutoka Nakuru miaka mitano iliyopita. Mwaka huu nataka tuanze kutembelea sehemu za kihistoria, tena kwa miguu, maana tumekaa ndani mno. Shida ni mbili. Kwanza, sijui pa kuanzia: kila mtu ananiambia niende Washington au Philadelphia, na bei za hoteli huko si mchezo. Pili, kijana wangu mkubwa ameniambia waziwazi, 'Mama, hiyo historia si yetu.' Sikuwa na la kumjibu. Nisaidie."

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Wasalimie watoto.

Washington iacheni kwanza, haitahama. Unakaa Lowell halafu unaniuliza pa kuanzia. Ni kama mtu wa Bagamoyo kuuliza bahari iko wapi. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu hilo likipata jibu, njia za kutembea zitajipanga zenyewe.

Mwambie kijana ampigie simu nyanya yake amuulize jambo moja tu: "Nyanya, marekani ni nini?" Asiulize nchi, aulize kitambaa. Kama nyanya amewahi kushona foronya au kununua kitambaa cha kutarizia, atamwambia bila kufikiri: ni kile cha pamba kisichopaushwa, kizito kidogo, rangi kama ya maziwa yaliyolala. Wengine hukiita amerikani, wengine merikani. Mafundi cherehani wa zamani wote wanakijua. Kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani kweli, na kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1830 kilitoka kwa wingi katika viwanda vya New England, huko huko mnakoishi.

Kilipofika Unguja kilikuwa zaidi ya nguo, kilikuwa pesa. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulibeba majora ya marekani mabegani mwa wapagazi, na njiani kila kitu kilikatwa kwa kitambaa: hongo ya mtemi, chakula, mtumbwi wa kuvukia mto. Mikono minne ilikuwa shuka, shuka mbili zilikuwa doti moja. Mtu wa bara ambaye hajawahi kumwona Mmarekani hata mmoja alijua kwa kidole tofauti ya marekani halisi na ile ya kuigiza. Kwa hiyo kijana akisema historia hii si yetu, muulize ni ya nani basi, maana mababu zetu waliivaa.

Sasa njia. Nakushauri mfuate huo uzi mmoja, kutoka kiwandani mpaka bandarini, halafu mrudi nyuma kidogo kwenye vita na utumwa. Yote yanawezekana kwa safari za siku moja moja, bila kulipia hoteli hata usiku mmoja.

Siku ya kwanza, msitoke mjini. Anzeni kwenye maporomoko ya Pawtucket, pale mto Merrimack unaposhuka takriban mita 10. Watoto watauliza kwa nini mji ulijengwa hapa na si pengine, na jibu wataliona kwa macho: maji yanaanguka. Kabla ya viwanda palikuwa na mfereji tu, uliochimbwa miaka ya 1790 ili mashua zinazoteremsha mbao ziyakwepe maporomoko. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 matajiri wa Boston waliona kitu kingine katika yale maji. Wakanunua ardhi na mfereji wenyewe, wakachimba mingine, wakayalazimisha maji yapite chini ya majengo na kuzungusha magurudumu. Leo mifereji ya Lowell ina urefu wa karibu kilomita 9, na sehemu kubwa ina kijia kando yake. Vipande vingine hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo subirini majani yaote.

Mji umepewa jina la Francis Cabot Lowell, ambaye hakuuona. Huyu bwana alikwenda Uingereza kati ya 1810 na 1812, wakati Waingereza wamepiga marufuku kutoa nje michoro ya mitambo yao ya kufuma. Akazunguka viwandani kama mgeni mstaarabu, akitazama na kuuliza, na akarudi na mtambo mzima kichwani. Pamoja na fundi wake, Paul Moody, akautengeneza upya mjini Waltham. Alifariki 1817, na wenzake ndio waliokuja kujenga Lowell. Watoto hupenda sana kipande hiki. Binti mmoja niliyemtembeza aliniuliza, "Sasa huo si wizi?" Nikamwambia amuulize mwalimu wake, kisha aniletee jibu.

Fuateni maji mpaka Boott Mills, kiwanda cha zamani ambacho leo ni makumbusho. Hapo ndipo nataka mkae, msikimbilie kutoka. Ghorofa ya chini kuna ukumbi wa kufumia wenye mitambo zaidi ya themanini. Ni ya mwanzo wa karne ya 20, lakini inaendeshwa kwa namna ileile ya zamani: mhimili unazunguka darini, mikanda ya ngozi inashuka mpaka kwenye kila mtambo. Haiwashwi yote, ni michache tu, na hiyo michache inatosha. Mlangoni watawapa vizibo vya masikio. Waambie watoto waviweke, kisha wavitoe kwa sekunde tano, wavirudishe. Sakafu inatetemeka mpaka unaisikia magotini. Kile kijiti chenye uzi kinarushwa huku na huku kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na harufu ya mafuta ya mashine inashika nguo. Mkitoka, mtakuwa mnapigiana kelele barabarani bila kujua. Sasa wafikirie wasichana wa miaka kumi na tano wakisimama humo saa 73 kwa wiki, madirisha yamefungwa ili uzi usikauke na kukatika, vumbi la pamba likielea kama ukungu.

Wasichana hao ndio waliouendesha mji. Walitoka mashambani Vermont, New Hampshire na Maine, wakakaa katika mabweni ya kampuni chini ya mama msimamizi, kengele ikiwaamsha alfajiri. Mishahara ilipopunguzwa 1834 waligoma. Kodi ya bweni ilipopanda 1836 wakagoma tena. Mwaka 1845 Sarah Bagley, mfumaji aliyeongoza chama cha wafanyakazi wanawake wa Lowell, alisimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo kudai siku ya kazi ya saa kumi. Hakuwa na haki ya kupiga kura, na bunge halikumpa alichotaka, lakini maneno yake yakaandikwa. Bweni moja limehifadhiwa jirani kabisa na kiwanda. Tazameni meza ya chakula na vitanda. Wasichana walilala wawili wawili.

Na hapa kuna jambo ambalo ziara ya haraka huliruka. Pamba ile haikulimwa Massachusetts. Ililimwa Alabama, Mississippi, Georgia, kwa mikono ya watumwa. Ikapanda meli mpaka Boston, ikafumwa Lowell, na sehemu yake ikarudi Kusini ikiwa kitambaa kikavu cha bei rahisi cha kuwavisha watumwa walewale walioilima. Wazee waliozaliwa utumwani, walipohojiwa miaka ya 1930, walikumbuka jina la nguo hiyo. Waliiita "lowell".

Lisome tena taratibu, dada. Mtumwa wa Georgia alikiita kitambaa kwa jina la mji wako. Mpagazi wa Bagamoyo alikiita ndugu yake kwa jina la nchi. Hawakuonana kamwe, wala hapana aliyejua kuwa mwenzake yupo, na nguo zao zimetoka kwenye mto mmoja. Mwaka 1848 Charles Sumner, mwanasiasa wa hapa hapa Massachusetts, aliwashutumu wenzake kwa kuwaita washirika wawili: mabwana wa mjeledi na mabwana wa mtambo. Simama kwenye daraja la mfereji mbele ya Boott ukiwaeleza watoto hilo. Halafu nyamaza kidogo, acha maji yaseme.

Siku ya pili ni Salem, chini ya saa moja kwa gari. Nakuomba kitu kimoja: msiende Oktoba. Mwezi huo mji mzima unauza kofia za wachawi, na kuegesha gari ni balaa. Kesi za uchawi za 1692 ni za kweli na ni za kusikitisha: watu kumi na tisa walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, aligandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa kukataa kujibu mashtaka. Pale Proctor's Ledge, mahali pa kunyongea palipothibitishwa 2016, pana kumbukumbu ndogo iliyotulia nyuma ya nyumba za watu. Nendeni hapo dakika kumi kwa heshima, kisha shukeni baharini, maana kwetu sisi Salem haswa iko gatini.

Gati la Derby linaingia baharini karibu nusu maili, na mwisho wake kuna mnara mdogo wa taa wa 1871. Eneo hili lilitangazwa na serikali kuu 1938, la kwanza nchini katika daraja la maeneo ya kihistoria ya taifa. Hakuna kiingilio. Ukisimama mwanzo wa gati na kugeuka, unaitazama nyumba ya forodha ya 1819, matofali mekundu, tai wa dhahabu juu ya paa. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa hapo. Forodha mbele, gati nyuma, upepo wa chumvi: ni Forodhani, ila hakuna mishikaki.

Kutoka hapa, tangu miaka ya 1820, meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikaja Unguja na Mombasa. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire, alitia saini mkataba na Seyyid Said: Wamarekani walipe ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa wanazoshusha, basi. Mwaka 1837 akafika balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem. Waingereza walimweka wa kwao baadaye, 1841. Watu wengi hushtuka wakisikia hivyo; tumezoea kudhani Mwingereza ndiye alitangulia kila mahali.

Meli zilipakua marekani, zikapakia pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Hiyo sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini pwani ya Mrima, ndiyo iliyotengenezwa vanishi ya kung'arisha samani za wenye nazo. Ilisafishwa hapa hapa Salem, katika kiwanda kilichokuwa kando ya maji. Ukiingia katika nyumba yoyote ya kale ya New England ukaona kabati linang'aa, uwezekano upo kwamba mng'aro wake ulitoka Mrima.

Waters mwenyewe ni mtu wa kumfikiria. Alikuwa Mkristo mwenye bidii, aliyechukia utumwa, na shajara yake inaonyesha alivyoumizwa na aliyoyaona sokoni Unguja. Wakati huohuo alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, aliyeshika forodha ya Sultani, akatajirika kwa biashara ambayo kila hatua yake ilipita mikononi mwa watumwa, kuanzia wabeba pembe wa bara mpaka walima pamba wa Mississippi. Kijana wa miaka kumi na mmoja anaweza kulielewa hilo vizuri kuliko tunavyodhani. Simuonei Waters, nadhani wengi wetu tungekaa kwenye kiti kile kile.

Mwaka 1840 Seyyid Said naye alituma meli yake, Sultana, mpaka New York, chini ya Ahmad bin Na'aman. Watu walijaa bandarini kumtazama nahodha mwenye kilemba. Alichorwa picha, akatembezwa, meli ikakarabatiwa, akarudi nyumbani. Mwambie kijana kwamba chombo kutoka Unguja kilitia nanga New York miaka 21 kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo vilipoanza 1861 pamba ya Kusini ilikatika, marekani ikaadimika na kupanda bei, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaingia pengoni. Mtambo uliposimama Lowell, mfanyabiashara wa Tabora alijua.

Tembeeni gati zima kwenda na kurudi. Ni tambarare, na mwanao wa miaka saba atalikimbia. Beba sweta hata kama ni Juni.

Siku ya tatu ndiyo ya kutembea haswa. Nendeni Concord, nusu saa kutoka kwenu, kwenye njia ya miguu inayofuata barabara ya vita ya tarehe 19 Aprili 1775, siku vilipoanza vita vya uhuru dhidi ya Uingereza. Ina urefu wa takriban kilomita 8, kutoka Meriam's Corner upande wa Concord mpaka Fiske Hill upande wa Lexington. Njia ni ya kokoto ndogo iliyoshindiliwa, inapita mashamba, kuta za mawe, msitu, na madaraja ya mbao juu ya kinamasi. Kumbuka kilomita 8 ni kwenda tu. Kwa watoto wako nashauri kipande cha katikati: acheni gari karibu na Hartwell Tavern, mtembee mpaka pale alipokamatwa Paul Revere, mrudi.

Ndiyo, alikamatwa. Kila mtoto wa shule anajua kwamba Revere alipanda farasi usiku kuwaonya watu kuwa jeshi la Waingereza linakuja. Hawaambiwi kwamba hakufika Concord. Askari doria wa Mfalme walimnasa barabarani, wakamnyang'anya farasi, akarudi Lexington kwa miguu. Aliyefikisha habari Concord ni Samuel Prescott, daktari kijana aliyekutana na Revere na mwenzake njiani usiku uleule. Mahali penyewe pana mduara wa mawe tu. Mimi hupapenda kuliko sanamu zote za Boston.

Alfajiri ile Lexington, wanamgambo 77 walisimama uwanjani mbele ya kikosi kilichotumwa kutoka Boston, jumla yake kama watu 700. Wanamgambo wanane waliuawa. Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwa Prince Estabrook, mtu mweusi, mtumwa wa mtu wa pale pale Lexington. Alipona, akaendelea kupigana katika vita vile, na baadaye akawa huru. Jina lake liko kwenye jiwe mbele ya Buckman Tavern, mtafuteni. Kisha nendeni kwenye daraja la North Bridge, Concord, ambako wanamgambo walifyatua risasi wakiwa wameamriwa na mkubwa wao kwa mara ya kwanza. Pembeni ya daraja kuna kaburi la askari wa Kiingereza, watoto wa maskini waliotoka mbali wakafia wasikokujua. Siku ile Waingereza walipoteza watu 273 kwa kuuawa, kujeruhiwa au kupotea, wengi wao wakati wa kurudi, wakipigwa risasi kutoka nyuma ya kuta na miti. Walikuwa wametembea usiku kucha. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 60. Kijana akianza kulalamika miguu inauma, mkumbushe hao.

Ng'ambo ya maegesho ya daraja, usikose nyumba ndogo ya mbao iitwayo Robbins House. Ilikaliwa na watoto wa Caesar Robbins, aliyekuwa mtumwa na akapigana katika vita vya uhuru. Mjukuu wake, Ellen Garrison, alikuwa mwalimu wa watu waliotoka utumwani. Mwaka 1866, wiki chache baada ya sheria mpya ya haki za raia kupitishwa, yeye na mwenzake waliketi makusudi katika chumba cha wanawake cha kungojea treni, Baltimore, waone kama sheria ile ina meno. Walitolewa kwa nguvu, nao wakaenda mahakamani. Hiyo ni miaka 89 kabla ya Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Wageni mia hupita kuelekea darajani bila kugeuza shingo.

Mkiwa na nguvu bado, ziwa Walden liko jirani, na kulizunguka ni chini ya kilomita 3. Wengi huja kwa ajili ya mwandishi Henry David Thoreau, aliyeishi hapo kwenye kibanda tangu 1845 hadi 1847. Misitu ileile ilikaliwa kabla yake na watu weusi walioachwa huru bila kupewa kitu, kama Brister Freeman, mwanajeshi wa vita vya uhuru aliyejichagulia jina hilo la pili, lenye maana ya mtu huru, akanunua kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Kilima pale bado kinaitwa kwa jina lake.

Boston nitaipitia haraka, kwa sababu habari zake utazipata kila mahali. Ule mstari mwekundu wa matofali uitwao Freedom Trail, kilomita 4 na vituo 16, ni mzuri lakini una watu wengi. Ningekuwa wewe ningeanza na njia ya urithi wa watu weusi mtaani Beacon Hill, karibu kilomita 2.5, ina vilima vikali. Inaanzia kwenye sanamu ya shaba ya kikosi cha 54 cha Massachusetts, iliyozinduliwa 1897. Askari wale weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliahidiwa mshahara sawa na weupe, dola 13 kwa mwezi. Walipoletewa dola 10, tatu zikikatwa za nguo, waliikataa yote, wakapigana miezi kumi na minane bila kugusa senti, mpaka bunge likasawazisha 1864. Sogeeni karibu mtazame nyuso: kila mmoja ana yake, na hiyo haikuwa kawaida kwa wachongaji wa wakati ule. Mwisho wa njia ni jengo la ibada la 1806, African Meeting House, lililojengwa kwa kiasi kikubwa na mafundi weusi wenyewe.

Mkirudi nyumbani, piteni Medford kwenye Royall House. Nyuma ya jumba la tajiri kuna nyumba ya watumwa, ya pekee ya namna yake inayojulikana kusalia Kaskazini. Hapo aliishi Belinda Sutton, ambaye 1783 alipeleka ombi kwa bunge la jimbo adai malipo kutokana na mali aliyoizalisha kwa miaka hamsini. Akapewa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Ilibidi arudi tena na tena kuzidai.

Siku mkipata gari zuri na wikendi ndefu, shukeni Connecticut mpaka Deep River na kijiji cha Ivoryton. Jina linajieleza: huko ndiko pembe za ndovu kutoka Unguja zilikokatwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo ili ziwe nyeupe, zikawa vitufe vya piano. Viwanda viwili vya hapo vilimeza sehemu kubwa ya pembe zote zilizoingia Marekani. Kando ya mto, ng'ambo, uko mji wa Lyme, ambao jina lake mnalijua kwa ugonjwa wa kupe.

Na hilo si la mzaha. Kupe wa huku ni mdogo kama mbegu ya mchicha. Vaeni suruali ndefu, ingizeni pindo ndani ya soksi, tembeeni katikati ya njia. Mkifika nyumbani kaguaneni: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Mimi niliwahi kudharau, nikamwona mmoja kiunoni siku ya pili, nikala antibaotiki wiki tatu. Jihadharini pia na ule mmea wa majani matatu matatu unaotambaa juu ya kuta za mawe. Unawasha kuliko upupu.

Gharama: njia ya vita, daraja, gati la Salem na vijia vya mifereji ni bure. Penye kiingilio, nenda kwanza kwenye maktaba ya umma ya mji wenu. Maktaba za Massachusetts huazimisha pasi za makumbusho kama zinavyoazimisha vitabu, na watu wetu wengi hawajui. Kwenye kila kituo cha wageni cha hifadhi ya taifa ombeni kile kijitabu cha watoto. Wakijibu maswali yaliyomo, askari wa hifadhi anawaapisha mbele ya watu na kuwapa beji. Mwanao mdogo ataanza kudai safari ya pili kabla hamjafika kwenye gari.

Kuhusu mkubwa, usimhubirie. Siku ya kwanza mpe ramani ya mifereji aishike yeye, awe ndiye kiongozi. Mpigieni nyanya mkiwa mmekaa nje ya Boott saa nne asubuhi. Nakuru itakuwa saa kumi na moja jioni, wakati wa chai. Akiwapoteza njia, mwache awapoteze. Ukifuata mfereji wowote wa Lowell maji yanakoelekea, utatokea mtoni.